Hesabu mapigo kabla ya kuhesabu pointi

Msomaji mmoja wa Kisauni ameandika hivi: "Assalaam aleikum kaka. Nacheza gemu ya Elden Ring kwenye PS4 nyumbani. Nilianza na mhusika wa aina ya Hero, na kila nikipanda leveli naweka kwenye Strength (misuli), sasa imefika 38. Vigor (ya damu) iko palepale, 14. Silaha ni lile shoka la mwanzo, sijalipeleka kwa mhunzi hata siku moja. Niko leveli 29 na yule bosi Margit ananimaliza kwa mapigo mawili, mimi shoka langu kwake ni kama nampapasa. Jamaa wa banda la gemu tunalokaa wamegawanyika. Kuna wanaosema gemu hii ni ujuzi mtupu, leveli ni kujidanganya. Wengine wanasema nirudi nyuma nikaue askari mpaka nifike leveli 60. Nani mkweli? Na je, nifute nianze upya?"

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Leveli 29 inatosha kabisa kumwangusha Margit. Kilichokukwamisha ni kwamba pointi zote 22 ulizopata tangu leveli yako ya kuanzia umezimwaga upande mmoja, na upande huohuo umeunyima kitu kinachozipa pointi hizo thamani. Nitakuonyesha kwa hesabu, maana ukilielewa jambo hili kwa Margit utalielewa kwa gemu nyingine yoyote yenye mapigano na kuboresha silaha.

Kazi yangu ni kupanga mizani ya gemu: adui huyu awe na damu kiasi gani, upanga huu ukate kiasi gani, mchezaji akipanda leveli apewe nini. Tunapokaa kupanga, swali la kwanza huwa ni mapigo mangapi. Chukua adui mwenye damu 100. Upanga unaokata 34 unamwangusha kwa pigo la tatu. Uboreshe mpaka ukate 49, umeuongezea karibu nusu ya nguvu yake, na adui bado anaanguka pigo la tatu. Ongeza pointi moja tu, ufike 50, anaanguka la pili. Pointi 15 hazikununua kitu, ya 16 imenunua pigo zima. Wenzako wanaocheza PUBG, ile gemu ya bunduki, wanalijua hili mikononi hata kama hawajawahi kuliandika: bunduki ya Kar98k ikimpata mtu kichwani akiwa na helmeti nzima ya leveli 2, amekwenda, akiwa na ya leveli 3 anabaki hai na anakugeukia. Ndiyo maana watu hukimbilia bunduki ya AWM, kwa kuwa hiyo inaipita hata helmeti ya leveli 3 kwa risasi moja.

Basi kuna hesabu mbili tu za kushika. Mapigo mangapi wewe unahitaji kumuua yeye, na mapigo mangapi yeye anahitaji kukuua wewe. Namba nyingine zote zilizojaa kwenye skrini zina faida pale zinapobadilisha mojawapo ya hizo.

Tuanze na damu yako. Vigor 14 ni damu 499. Unasema anakumaliza kwa mapigo mawili, kwa hiyo pigo lake linakata 250 au zaidi na halifiki 499. Tuchukue 300 kwa mfano. Ukipandisha Vigor hadi 18 unapata damu 598: pointi nne zimekwenda na mapigo mawili bado yanakulaza. Ya tano, Vigor 19, inakupa 624, na hapo ndipo unapobaki wima baada ya pigo la pili. Ukitaka kubaki wima baada ya la tatu unahitaji zaidi ya 900, nayo inapatikana Vigor 28, ambayo ni damu 910. Mtu aliyeongeza pointi tatu kisha akasema "Vigor haisaidii" alikuwa anasema kweli kuhusu pointi zake tatu. Alikata tamaa hatua mbili kabla ya mlango.

Margit hapigi pigo moja la aina moja, bila shaka. Ana fimbo, ana kisu cha nuru, na akishapungua damu anatoa nyundo ya nuru. Kila moja ina uzito wake. Kwa hiyo usikariri 300 yangu. Ingia mara moja kwa nia ya kupigwa tu, tazama mstari wa damu unapungua kiasi gani kwa kila aina ya pigo, kisha piga hesabu yako. Utakufa, sawa, lakini utatoka na habari ambayo majaribio yote ya hasira hayajakupa.

Jua pia kwamba Vigor haikui kwa mwendo mmoja. Vigor 25 ni damu 800, 40 ni 1,450, 60 ni 1,900, na 99, ambayo ndiyo mwisho, ni 2,100. Kati ya 25 na 40 kila pointi inakuletea damu kama 43. Kati ya 40 na 60 ni kama 22. Baada ya 60 ni kama 5. Hilo limefanywa makusudi, ili mchezaji asisukume kitu kimoja milele, na kila gemu nzuri ya aina hii ina miinuko na vilele kama hivyo. Wewe uko chini kabisa ya mlima, mahali ambapo kila hatua inalipa.

Halafu kuna chupa nyekundu ya kurudisha damu, na hapa ndipo naona watu wengi wanaumia bila kujua. Chupa isiyoboreshwa inarudisha damu 250. Kama pigo la adui ni 300, kila ukinywa na kupigwa tena unabaki pungufu kuliko ulivyokuwa: unakunywa, unapigwa, unakunywa, unapigwa, na mwisho umekwisha hata kama una chupa kumi. Iboreshe mara moja kwa Sacred Tear, inarudisha 345. Sasa chupa moja inalipa pigo moja na chenji inabaki. Mara ya pili ni 430. Badiliko hilo halionekani kubwa kwenye karatasi, ila limegeuza vita vya kushindwa polepole kuwa vita unavyoweza kuvibeba. Sacred Tear hupatikana makanisani. Moja iko Third Church of Marika, upande wa mashariki wa Limgrave, eneo la mwanzo la gemu, na nyingine tatu ziko Weeping Peninsula kule kusini: Church of Pilgrimage, Callu Baptismal Church na Fourth Church of Marika. Nenda ukazichukue zote kabla ya kurudi kwa Margit. Njia yenyewe itakulipa silaha na runi, zile hela za kupandia leveli, na hakuna aliyekufunga kamba mguuni ubaki mlangoni pa ngome ya Stormveil.

Sasa shoka. Hili ndilo lililonifanya nijibu kwa urefu.

Ukilitazama shoka kwenye skrini utaona herufi mbele ya Strength na Dexterity (wepesi). Herufi hizo, kuanzia E ya chini mpaka S ya juu, zinaonyesha silaha inapokea kiasi gani kutoka kwa misuli yako. Kinachopokelewa ni asilimia ya nguvu ya asili ya silaha yenyewe, na asilimia hufuata mtaji. Mama muuza viazi karai pale Mwembe Tayari akipata faida ya asilimia 40 kwa mtaji wa shilingi 1,000, jioni ana 400 mkononi. Mwenzake mwenye mtaji wa 2,500 kwa asilimia ileile ana 1,000. Wewe umekuwa ukipandisha asilimia muda wote huo huku mtaji umeuacha palepale ulipouokota siku ya kwanza. Mhunzi anapolifua shoka anapandisha mtaji, na mara nyingi anapandisha asilimia pia. Silaha ya kawaida inayofika +25, yaani imefuliwa mara 25, huwa nguvu yake ya asili imezidi maradufu, na pointi zako 38 za Strength zinapata kitu kikubwa cha kuzalisha.

Gharama ya mwanzo ni ndogo. Kufika +1 ni mawe 2 ya Smithing Stone daraja la 1, +2 ni mawe 4, +3 ni mawe 6. Jumla 12 na runi kidogo. Mgodi wa Limgrave Tunnels, karibu na ziwa la Agheel, una mawe hayo kwenye kuta zake, unayachomoa tu ukiwa umeshawamaliza wachimbaji. Meza ya fuawe iliyoko Church of Elleh inafikisha silaha +3. Zaidi ya hapo unampelekea Hewg, mhunzi wa Roundtable Hold. Ukiingia kwa Margit na shoka la +3 utaona tofauti pigo la kwanza.

Na kuna la bure kabisa: weka ngao chini, shika shoka kwa mikono miwili. Gemu hii inazidisha Strength kwa moja na nusu unaposhika hivyo, kwa hiyo 38 yako inahesabiwa kama 57. Kwa mtu aliyeweka kila kitu kwenye Strength kisha anapigana kwa mkono mmoja, hapo kuna hazina imelala sandukuni.

Kwa nini lakini uhisi unampapasa, wakati askari wa njiani wanaanguka vizuri tu? Wapangaji wa gemu wana njia kuu mbili za kuhesabu ulinzi. Ya kwanza ni kutoa. Gemu ya Dragon Quest ya 1986 iliondoa sehemu ya ulinzi wa adui kwenye nguvu ya shambulio. Katika mfumo wa kutoa, silaha dhaifu mbele ya adui mgumu huishia karibu na sifuri, na ukipata upanga bora ghafla unakuwa mtu mwingine. Ya pili ni kugawanya. Katika gemu ya League of Legends deraya 100 inakata nusu ya pigo na 200 inakata theluthi mbili. Huwezi kufika sifuri, na kila nyongeza inahisiwa taratibu. Elden Ring inapima shambulio lako dhidi ya ulinzi wa adui kwa uwiano, na pigo dogo hukatwa sehemu kubwa zaidi kuliko pigo kubwa. Askari wa kawaida ana damu kidogo, kwa hiyo makato hayo huyahisi. Bosi ana damu nyingi, anakuumbua. Kwa hiyo shoka lisilofuliwa linapoteza mara mbili: mtaji mdogo, na makato makubwa juu ya mtaji huo mdogo.

Turudi kwa jamaa zako wa bandani, maana mabishano yao yana asili yake na sipendi kuona upande mmoja unadharauliwa.

Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliochapishwa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ndio uliosambaza mambo ya leveli, pointi za uhai na deraya. Arneson mwenyewe alieleza kwamba damu na deraya alivitoa kwenye kanuni zake za michezo ya vita vya manowari. Fikiria hilo, wewe uliyekua unaona meli zinaingia Kilindini: chombo kikubwa namna ile hakiruki pembeni kukwepa kombora. Kinachokiokoa ni unene wa chuma na ukubwa wa tumbo lake. Hesabu ya namba ilizaliwa kwa ajili ya vitu visivyoweza kukwepa. Upande wa pili ni mashine za sarafu na gemu za kupigana. Tekken 3, iliyotoka 1997, haina leveli wala mhunzi. Wewe na mpinzani wako mnaweza kuchukua mpiganaji yuleyule, damu sawa, ngumi sawa. Gemu inakwenda picha 60 kwa sekunde, ngumi ya haraka inatoka kwa picha chache tu, yaani sehemu ndogo ya sekunde, na aliyeifanyia mazoezi ndiye anayeshinda. Mabanda yetu yalilelewa na gemu za namna hiyo, pedi mbili na foleni ya watu nyuma yako. Aliyekulia hapo atakuambia ujuzi ni kila kitu, na kwa gemu aliyokulia nayo ana haki.

Elden Ring ni mtoto wa koo zote mbili. Inakuruhusu kukwepa pigo lolote la Margit kwa kubiringika, bila kujali damu yako ni ngapi. Wapo watu duniani wanaoimaliza bila kupanda leveli hata moja. Wakati huohuo inakuruhusu kununua makosa. Kila pigo la ziada unaloweza kulihimili ni kosa moja zaidi unaloruhusiwa kabla ya kurudishwa mwanzo, na kila pigo unalolipunguza kwenye idadi ya kumuua ni nafasi moja pungufu ya kukosea. Mtu mwenye damu 499 anatakiwa asikosee kabisa. Mtu mwenye 910 na chupa ya 430 anaweza kukosea, akajifunza, akaendelea, na ndiyo sababu atajifunza haraka kukushinda: pambano lake ni refu, anaona mapigo mengi, anayazoea. Wewe unakufa kabla hujaona nusu ya anachojua Margit.

Kwa upande wa ujuzi wenyewe, Margit ana tabia moja ambayo ukiijua umepata nusu. Anainua fimbo, anaishikilia juu, anangoja. Mkono wako umefundishwa na maadui wa njiani kubiringika mara tu kitu kinapoinuliwa, kwa hiyo unabiringika mapema na fimbo inakushukia ukiwa unainuka. Tazama fimbo inapoanza kushuka, biringika hapo. Na usinywe chupa akiwa anakutazama kwa mbali, kwani atakurushia kisu cha nuru. Kunywa mara tu baada ya kumaliza mfululizo wake wa mapigo. Mwanzoni piga pigo moja tu kwa kila nafasi anayokupa; tamaa ya pigo la pili ndiyo inayowaua wengi wa wachezaji wa Strength, maana shoka na nyundo huchelewa kurudi.

Kuhusu deraya nitapita haraka. Vaa ulichonacho mradi mzigo wako usifike asilimia 70 ya uwezo wako, kwa sababu ukifika hapo kubiringika kunakuwa kuzito na kuchelewa. Na asilimia za ulinzi hazijumlishwi. Vazi linalokata asilimia 20 likifuatiwa na jingine la 20 halikati 40: la kwanza linaacha 80, la pili linakata sehemu ya tano ya hizo 80, unabaki na 64. Usiuze uwezo wako wa kukwepa kwa ajili ya hesabu hiyo.

Hao wa leveli 60 sasa. Wanachokuambia kitafanya kazi, lakini ni njia ndefu ya kufika jirani. Kila leveli inagharimu runi zaidi ya iliyopita, askari wa Limgrave wanatoa runi zilezile, kwa hiyo faida ya kila saa unayotumia inazidi kupungua. Kibaya zaidi, ukizimwaga pointi 31 nyingine kwenye Strength huku shoka halijafuliwa, utakuwa na hasira zaidi kuliko sasa na damu ileile 499. Hata wakongwe waligundua hili mwaka 2024 Shadow of the Erdtree, nyongeza ya gemu hii, ilipotoka. Waliingia na leveli za juu sana, wakapigwa, kwa sababu nguvu ya eneo lile jipya inatokana na Scadutree Fragment zinazookotwa kwa kutembea na kuchunguza, hadi daraja la 20, na leveli zao za zamani hazikuwa mbadala wake. Malalamiko yalikuwa mengi mpaka FromSoftware, watengenezaji wa gemu, ikaongeza nguvu ya madaraja ya mwanzo. Gemu za watu hawa zinakulipa ukitembea, na hilo nalipenda kwa moyo wote. Linganisha na gemu ya Oblivion ya 2006, ambako maadui wengi walipanda pamoja na wewe: ukirudi njiani ukiwa shujaa unakutana na majambazi wamevaa deraya za thamani, na wachezaji wengine wakaamua kubaki leveli za chini makusudi kwa sababu kupanda kuliwafanya wawe dhaifu. Namba inaongezeka, mapigo yaleyale. Ukikutana na gemu ya simu inayokudai hela za M-Pesa kwa ajili ya nyongeza ya namna hiyo, fanya ile hesabu ya mapigo kwanza kabla ya kuweka PIN.

Kwa hiyo mpango wako: kusini kwa Sacred Tear, mgodini kwa mawe, shoka +3, pointi zote zijazo kwenye Vigor mpaka 19 na kisha uendelee kuelekea 28 kadiri runi zitakavyoruhusu. Ukiwa Weeping Peninsula fika Castle Morne, kuna upanga wa Claymore unaohitaji Strength 16 na Dexterity 13. Hero huanza na Dexterity 9, kwa hiyo pima kama pointi nne hizo zina faida kwako kuliko Vigor. Mimi ningeziweka Vigor na kubaki na shoka. Ukitaka msaada wa ziada, Patches, mhusika wa pango la Murkwater Cave, anauza Margit's Shackle kwa runi 5,000, nayo inamkaza Margit chini kwa muda mfupi, mara mbili katika hatua yake ya kwanza. Mhusika mwingine, Rogier, naye unaweza kumwita nje ya ukungu wa mlango akupiganie. Kuvitumia si aibu, viliwekwa pale vitumike.

Usifute. Strength 38 si hasara, ni akiba ambayo ilikuwa inangoja silaha, na utaihitaji ukikutana na zile panga kubwa. Greatsword kwa mfano inadai Strength 31, na wewe umeshaipita. Ukifika Academy of Raya Lucaria na kumshinda bosi wa hapo, Rennala, atakuruhusu kupanga upya pointi zako zote kwa gharama ya kitu kiitwacho Larval Tear, kimoja. Kama mpaka wakati huo bado utajuta kuhusu pointi 22 za mwanzo, zihamishe hapo.